Teke Lisilosikika

Osmund Mtewele alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na kazi hiyo aliifanya bila kutoka Makambako. Kila asubuhi aliingia ukumbi wa kuendeshea malori kwa mbali, akavua viatu, akapanda kiti chake, na lori lisilo na mtu ndani likaanza safari ya Songea likimtii yeye. Mikono yake ilikuwa hapa, magurudumu yalikuwa kule ng'ambo ya Njombe, na kilichoviunganisha vitu hivyo viwili kilikuwa kiti.

Kiti hicho madereva walikiita punda, na kilitengenezwa kupiga mateke kwa amri ya sheria. Hapo nyuma, madereva wa ukumbini walipokuwa wakikalia viti laini na kutazama tu vioo vya kuonyesha barabara, walikuwa wamesahau kwamba wanachokiongoza ni chuma kizito kinachopita jirani na watu. Watu wakafa. Ndipo ikatungwa Sheria ya Kuhisi, iliyosema kwamba hakuna atakayeongoza gari asilolihisi mwilini. Tangu hapo kila shimo, kila kokoto, kila tairi lililoanza kulegea vilipanda kutoka barabarani na kuja kumgonga dereva pale anapokalia. Dereva mwenye uzoefu hakukodolea kioo macho. Alisikiliza kwa makalio.

Lakini makalio yana mfupa. Mwisho kabisa wa uti wa mgongo, pale ambapo mnyama huanza mkia, binadamu ana kijifupa kiitwacho kifandugu. Cha Osmund kilikuwa kimepigwa na punda hadi kikageuka kidonda kisichoonekana. Kilimuuma akikaa, na kilimuuma zaidi akitaka kuinuka. Kanisani alisimama nyuma kama mtu aliyechelewa. Nyumbani alikula ameegemea mlango, sahani mkononi, huku mke wake Gaudensia akila mezani peke yake na kujifanya hajali.

"Mbena," Mkaguzi Mbano alimwambia asubuhi moja akipita katikati ya viti, "ukikaa unafanana na kuku anayetafuta pa kutagia."

"Kaa wewe, Mngoni. Nyie mlitoka kusini mbio, na mpaka leo hamjapata pa kukaa."

"Tulikimbia kwa sababu tulisikia Wabena wanamaliza mbwa kwa kitoweo. Tukasema tuwahi tuokoe hata mmoja."

Ukumbi mzima ulicheka. Mbano alikuwa mkubwa wao, mwenye mamlaka ya kumpa mtu kiti au kumnyang'anya, lakini alikuwa Mngoni, na ukumbi ulijaa Wabena, na watu hao ni watani tangu enzi za babu zao. Mtani hukwambia neno ambalo mwingine akilisema mtashikana mashati, nawe hukasiriki. Unamrudishia lako, mnacheka, kazi inaendelea. Hivyo ndivyo Mbano alivyoweza kuwakagua watu wenye umri wa kumzaa bila kuchukiwa na hata mmoja.

*

"Baba, njia za kawaida tumezimaliza," alisema Daktari Subilaga Mwaisaka katika zahanati yake ya Njombe.

Osmund alikuwa amesimama. Kiti cha wagonjwa kilikuwa mbele yake naye alikitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Ni kweli walikuwa wamezimaliza. Walianza na mto wenye tundu katikati, akauchoka. Wakaja kwenye mikono ya mtaalamu wa viungo, aliyekisukuma kile kijifupa kwa njia ambayo Osmund hakumsimulia hata mkewe. Ikafuata sindano ya kutuliza uvimbe. Ikafuata sindano ndefu iliyopenya hadi kwenye fundo la neva lililo mbele ya kifandugu na kulichoma kwa joto, na hiyo ilimpa raha mpaka neva zilipoota upya na kurudi na kelele zao.

"Imebaki chembe," alisema daktari. Alimwonyesha kitu ndani ya kichupa, kidogo kama punje ya uwele. "Inaingia kwa sindano, mimi nikiangalia njia kwenye picha. Inakaa jirani na lile fundo na kusikiliza. Ikisikia maumivu yanapanda, inatoa wimbi lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanakutana na kufutana. Hakuna kisu, hakuna nyuzi. Utatembea kwa miguu yako mpaka kituo cha basi."

"Na barabara? Nitaisikia?"

Daktari alikirudisha kichupa mezani. "Ukiwa dereva wa ukumbi, unapaswa kumwambia mkaguzi wako kabla hujapanda kiti. Mimi siwezi kusema kwa niaba yako. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa."

"Nitamwambia," alisema Osmund, na alimaanisha.

Alilala kifudifudi, akasikia kitu kama kuumwa na siafu, basi. Alipotoka nje aliliona benchi chini ya paa la kituo, akalikaribia kwa tahadhari, akakaa. Akangoja. Hakikuja kitu. Akaegemea nyuma, kisha akakunja nne. Basi la Makambako lilifika na kupiga honi. Akaliacha liende, na la pili pia akaliacha, kwa sababu alikuwa amekaa na hakuona haraka ya kuinuka.

Jioni ile alivuta kiti mezani. Gaudensia alisimama na mwiko mkononi.

"Baba Lusungu, umekaa."

"Nimekaa."

Gaudensia aligeukia jiko na kukaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

*

Hakumwambia Mbano siku ya kwanza. Alitaka kwanza ajue mwenyewe, na kiti kilimdanganya, kwa maana alihisi kitu: uzito wake, joto la ngozi ya kiti, mtikisiko wa mbali kama gari linalopita barabara ya jirani. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo barabara. Siku zikasogea. Akawa anaimba akiendesha. Lakini kila aliposhuka kitini moyo ulimwenda mbio bila sababu, na usingizi wake ulikuwa wa kugeukageuka, mwili umetulia na roho haina pa kukaa.

Siku ya mvua alikuwa akiteremka na lori la mbolea katika kona za Lukumburu. Barabara iling'aa. Alikuwa ametazama mbele, kwenye kona inayofuata, wakati Ditram Mgaya wa kiti cha jirani alipomsemesha kwa sauti ya chini.

"Osmund. Angalia magoti yako."

"Yana nini?"

"Angalia."

Akatazama chini. Magoti yake yalikuwa yanarukaruka. Mapaja yalikuwa yanapigwapigwa na kiti kwa nguvu ya kumwangusha mtu, na yeye alikuwa akiyaona kama mapaja ya mtu mwingine. Akainua macho kwenye kioo cha nyuma. Magurudumu ya tela yalikuwa yametoka kwenye lami zamani na sasa yanalima changarawe kando ya barabara, pale wanawake wanapopanga ndoo za viazi kuwauzia wapita njia.

Alirudisha usukani taratibu, akabana breki kidogo kidogo ili tela lisipinduke, na lori likasimama likitetemeka. Dereva anayehisi angejua tangu kokoto la kwanza. Kwenye kioo viazi vilikuwa vinateremka na maji ya mvua. Wanawake walikuwa wamerukia mtaroni. Mmoja tu alibaki amesimama, mikono kichwani.

Osmund alifungua kipaza sauti cha lori. "Mama, kuna aliyeumia?"

Mwanamke alizunguka akitafuta anayesema, kisha akaikazia macho kabini tupu. "Unaniuliza mimi? Si wewe uliyekuwa unaendesha? Uko wapi wewe?"

"Niko Makambako."

"Basi njoo huku utuhesabu."

Osmund alikisogelea kioo. Aliwatazama wakitoka mtaroni mmoja mmoja, wakijipangusa tope, wakiitana kwa majina, na kila jina lilipoitikiwa alipumua.

"Tuko wote," mwanamke alisema mwishowe. "Nenda zako. Ila uendeshe kama mtu aliyepo."

Ukumbini Ditram alimtazama. "Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilipitiwa na usingizi."

Ditram aliyatazama magoti ya Osmund. Alirudisha macho kwenye vioo vyake.

*

Kesho yake, saa ya chai, madereva wakiwa wamesimamisha malori na kushika vikombe, Osmund alisimama katikati ya ukumbi. Alikuwa ameoga vizuri na kuvaa shati la kanisani.

"Mkaguzi, nina neno."

"Sema, Mbena, ila kama ni la kuomba nyama, sina mbwa."

"Nimewekewa chembe kwenye kifandugu. Siisikii barabara tena. Jana nilikaribia kuua watu Lukumburu."

Vikombe vilishushwa. Mbano alimtazama, akalitazama lile shati la kanisani, na uso wake ukaanza kufunguka taratibu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Jamani," alisema kwa sauti ya msiba, "makalio ya Mbena yamefariki."

Ukumbi ulilipuka. Mtu alipaliwa na chai. Mwingine alianza kulia kilio cha kuigiza, kichwa mikononi.

"Nasema kweli," alisema Osmund.

"Marehemu anasema kweli. Mnamwona, ameshavaa na nguo za kuzikiwa. Mimi ndiye mtani wake, kaburi nachimba mimi na sanda naikatalia mimi mpaka nipewe jogoo. Yalikuwa makalio ya namna gani, ndugu zangu? Yalikuwa na maneno mengi, lakini yalijua kazi."

Hapo ndipo Osmund alipokosea, na ni kosa ambalo Mbena yeyote mbele ya Mngoni angelifanya. Maneno ya mtani yalikuwa yamekaa hewani yakidai jibu, watu wote wamemgeukia, na ulimi wake uliozoea tangu utotoni ukajibu kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Basi nizikeni mapema," alisema, "maana Wangoni mkifika msibani mnakula kwanza ndiyo mnauliza nani kafa."

Kicheko kilipanda mpaka dari. Mbano alimpiga bega, machozi yakimtoka, akapita zake. Na Osmund alijua, akiwa bado anatabasamu, kwamba amefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Siku hiyo aliendesha akitazama magoti yake kuliko barabara, mpaka wenye magari madogo wakampigia honi.

*

"Nimesema," alimwambia Gaudensia jioni.

"Kwa nani?"

"Kwa Mbano. Mbele ya watu wote."

Gaudensia aliweka kisu chini. "Akasemaje?"

"Alinitania."

"Nawe ukamjibu."

Osmund aliangalia sahani.

"Ulimjibu kwa utani, Baba Lusungu. Basi hujasema kitu. Umewachekesha tu."

"Neno nililitoa mdomoni. Kama hakulipokea ni juu yake."

"Wale wa Lukumburu utawaambia hivyo?" Hakuuliza kwa ukali. Alimsogezea mboga, kwa sababu alikuwa amekaa karibu vya kutosha kusogezewa.

Asubuhi Osmund aliomba ruhusa akarudi Njombe. Daktari Subilaga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haiwezi kuchagua?" aliuliza Osmund. "Ikazuia maumivu na kupitisha teke?"

"Kwenye neva, teke la kiti na maumivu yako vinapita mlango mmoja, baba. Naweza kuufunga au kuufungua. Siwezi kuufundisha kuchagua wageni. Lakini chembe naweza kuizima sasa hivi, ukitaka ujaribu."

Alimgusisha kitu kama bangili mgongoni, chini ya mkanda. Maumivu yalirudi kama mwenye nyumba aliyekuta kufuli limebadilishwa. Yalipiga, yakasukuma, yakadai kila chumba. Osmund aliruka kutoka kitini, akashika ukuta, akatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, jasho likimtiririka. Alijaribu kukaa. Alishindwa. Alijaribu tena, akakaa upande, meno yamebanwa, akihesabu moyoni mambo ambayo angeyafanya tena akiwa amesimama: misa, mlo, mazungumzo na mkewe, safari za basi kwenda kumwona mwanae.

"Itakuwa hivi siku zote?"

"Wiki za mwanzo kali kuliko hivi. Baadaye itashuka mpaka pale ulipopazoea."

Alipopazoea. Neno hilo lilimchoma kuliko mfupa. Alitazama mikono yake, ambayo ndiyo iliyomfanya aitwe fundi wa kona za Lukumburu na kila kijana aliyepewa kiti akaelekezwa kwake kujifunza. Bila kiti angekuwa nani? Mzee mwenye shamba la parachichi na hadithi za barabara.

"Washa," alisema.

*

Kwenye kona ya ukumbi kulikuwa na kiti cha majaribio. Dereva mpya alikikalia kwa kuvipa vioo mgongo, mkaguzi akashika mkono wa mtambo, na dereva akapaswa kutaja anachohisi: changarawe, shimo, breki inayokwaruza. Alama ya mwisho kabisa ilikuwa tairi kupasuka. Hakuna aliyewahi kuifikia bila kupiga ukelele.

Osmund aliingia moja kwa moja kutoka kituoni, akachukua kikombe cha chai, akakikalia kiti kile.

"Mkaguzi, nipime."

"Marehemu amefufuka," Mbano alisema, akaja akicheka na kushika mkono wa mtambo. Waliokuwa karibu waligeuka. "Haya, Mbena. Hapa tunapita wapi?"

"Sijui."

"Hiyo ni changarawe, mzee wangu. Hata bibi yangu angeijua, na alikuwa kiziwi." Akaongeza. "Na hapa?"

"Sijui."

Chai ilianza kumwagika. Mbano aliongeza tena, bado kicheko kiko mdomoni, lakini kimesimama, hakiendi mbele. Kiti kilimrusha Osmund na kumpokea. Chai ya moto ilimmwagikia shatini na kifuani, na hilo alilisikia, akakunja uso kidogo.

"Endelea," alisema.

"Mbena, inatosha."

"Endelea mpaka mwisho."

Mbano alivuta mkono wa mtambo mpaka ukagota. Mwili wa Osmund ulipigwa juu na chini kama gunia nyuma ya gari, kichwa kikitikisika, meno yakigongana, na katikati ya yote uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Aliongea, maneno yakikatikakatika.

"Mama yako kule Peramiho anaendeleaje? Ule mguu wake umepona?"

Mbano alishusha mkono wa mtambo. Ilisikika sauti ya injini ndogo ya kiti ikizimika. Hakuna aliyecheka.

"Bwana Mtewele," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Shuka."

Osmund alishuka, akaweka kikombe kitupu chini.

"Uliniambia," alisema Mbano.

"Nilikuambia. Kisha nikakujibu."

"Nami nikacheka." Mbano alijifuta uso kwa kiganja. Alionekana ghafla kijana sana. "Nenda kaizime. Nitakupa mapumziko mpaka mwili uzoee, kiti chako kitakungoja. Wewe ndiye umewafundisha nusu ya hawa."

Hilo ndilo alilolitaka, nalo lilikuwa limewekwa mbele yake. Osmund alikitazama kiti chake kule mstari wa tatu, ngozi yake imelika kwa umbo la mwili wake.

"Siizimi," alisema. "Nimekaa mezani na mke wangu. Sirudi mlangoni."

"Basi kiti huna."

"Najua."

Alidhani atatetemeka akilisema. Badala yake alisikia uchovu mkubwa, uchovu wa mtu aliyebeba kitu umbali mrefu akaambiwa akitue. Akainama kutafuta viatu vyake.

"Bwana Mtewele." Mbano alikuwa ameshusha sauti. "Ni wewe peke yako?"

Osmund angeweza kusema hajui, na lingekuwa kweli. Angeweza kusema ndiyo, na watu wangemshukuru kimoyomoyo mpaka siku lori jingine lingekutana na ndoo nyingine za viazi. Aliwatazama wenzake: migongo, mikono, vioo vyenye barabara za mbali. Wengi alikuwa amewafundisha yeye. Wana watoto shuleni.

"Mimi nimejisemea mwenyewe," alijibu. "Kila mtu ana mdomo wake. Ila ukiwauliza, Mkaguzi, usiwatanie."

Mbano aliugeukia ukumbi. Alifungua kinywa, akakifunga. Kwa miaka yote hakuwahi kusema na Wabena wale bila kuanza na dhihaka, na sasa alisimama pale akitafuta mahali pa kuanzia.

Hakuhitaji kuanza. Ditram Mgaya alikuwa amevuta breki. Kwenye kioo chake barabara ya Madaba ilipunguza mwendo, ikasimama, na taa za tahadhari za lori zikaanza kuwaka na kuzimika juu ya majani yaliyolowa. Ditram alitoa mikono kwenye usukani, akasimama nyuma ya kiti chake, mkono mmoja juu ya kifandugu, akaangalia sakafu.

Osmund alikuwa anafunga kamba ya kiatu aliposikia, kutoka mstari wa nyuma, breki ya pili ikivutwa.